Waya wa Betri ya Holden

Al Thumama,
Doha, Qatar.
Ijumaa, 19 Septemba 2025

Mpendwa Dada Edith,

Nakusalimu kwa upendo mwingi, wewe na shemeji Mike na watoto. Goti linaendeleaje tangu upasuaji? Mama aliniambia sasa unatembea bila fimbo, nikafurahi sana. Natumaini baridi ya huko Perth imeanza kulegea na Cheryl ameacha kukohoa. Mimi mwili ni mzima. Nakula, nalala kiasi, homa sina. Nimetanguliza hayo ili usishtuke nitakapoanza mengine.

Utashangaa kupata karatasi badala ya ujumbe wa simu. Kwenye simu ungenipigia kabla sijafika katikati, na nikisikia sauti yako ningegeuza maneno niseme niko sawa. Kendi, yule nesi wa Meru anayeimba nasi kanisani, anakuja huko kumwona dada yake, naye amekubali kuibeba. Nimemwambia ni barua ya kawaida ya nyumbani.

Umeniuliza mara tatu kuhusu picha. Ulitaka kumwona Mzee wa hapa kazini akiwa ndani ya gari lake baada ya pampu ya maji ya injini uliyotuma kufungwa, nami kila mara nilikujibu kwa kidole gumba. Dada, picha haipo. Mzee alifariki tarehe kumi na tano mwezi wa nane, ndani ya gari lile lile. Nimekuficha kwa mwezi mzima.

Usianze kujilaumu. Nakujua, tayari umeweka mkono kifuani. Pampu ile uliyoitafuta Jumamosi tatu kwa wauza vipuri vya zamani haikuvuja hata tone. Ilifanya kazi yake hadi mwisho. Aliyekosea ni mimi, na nataka nikueleze kuanzia mwanzo, kwa sababu mpaka leo kuna mtu mmoja anayebeba kosa langu.

Mzee huyu alikuwa na miaka sabini na tisa. Jina lake ni refu, ila sisi wa nyumbani tulimwita Abu Jasim, au Mzee tu. Alizaliwa Al Wakrah, akawa karani bandarini, na mwaka wa 1973 mhandisi mmoja wa Australia aliyekuwa akirudi kwao akamwachia gari lake. Ni Holden Kingswood ya 1972, rangi ya chai ya maziwa, simba mdogo mbele ameshika jiwe la mviringo. Kiti cha mbele ni kimoja kirefu, watu watatu wanaketi bila kubanana. Usukani uko kulia kama kwetu, ndiyo maana nililipenda. Nikikaa pale, mkono wangu wa kushoto ulijua pa kwenda bila kuambiwa.

Mwaka uliofuata Mzee alioa. Alimfuata bibi harusi kwao Al Wakrah kwa gari hilo, akiwa amevaa joho jeusi lenye uzi wa dhahabu, akamleta Doha. Hadithi hiyo kila mtu wa nyumba hii anaijua.

Nilipoajiriwa hapa miaka mitatu iliyopita, kumbukumbu zake zilikuwa zimeanza kumtoka. Alisahau kwanza majina ya wajukuu, kisha akasahau choo kilipo, halafu akamsahau mkewe. Umm Jasim akiingia sebuleni, Mzee alimwuliza kwa adabu kabisa, "Mama, wewe ni mgeni wa nani?"

"Wako," mama wa watu alijibu, kisha akaenda kulilia jikoni.

Gari peke yake ndilo halikumtoka. Lilikuwa limesimama chini ya kibanda nyuma ya nyumba miaka mingi, tairi zimelala. Mzee alikwenda pale kila siku, akafuta vumbi kwa ncha ya kanzu, akauliza mbona haliwaki. Mwishowe kijana wake mkubwa, Jasim, ambaye sasa ndiye mwenye nyumba, akaniambia kwa jina langu wanavyolitamka hapa, "Yafet, wewe unajua vyuma. Jaribu." Ndipo nilipokusumbua wewe na pampu.

Siku lilipowaka, Mzee alilia. Aliweka kiganja juu ya boneti akasikiliza mtetemo kama daktari anayepima mtoto. Akageuka akaniita kwa jina langu, Dada. Kwa miaka miwili na zaidi nilikuwa "wewe" na "dereva" na wakati mwingine "Hassan", ndugu yake aliyekufa zamani. Siku ile aliniita Yafet.

Tangu hapo tulikuwa na desturi. Kila asubuhi niliwasha injini kwa dakika kumi, naye akiwa ameketi kwenye usukani. Halikuwa na kibali cha barabarani, kwa hiyo hatukutoka nje ya uzio. Ufunguo alikaa nao yeye mfukoni; ukimnyang'anya alihangaika mchana kutwa na kukataa chakula. Jasim akaweka sharti moja, akanishika bega alipokuwa akilisema: kila nikimaliza, nifungue waya wa betri kwa spana, spana irudi kwenye kisanduku changu, kisanduku kipigwe kufuli. Bila waya ule, ufunguo ulikuwa kitu cha kuchezea tu.

Kila siku Mzee aliniambia, "Twende Wakrah. Wananingoja." Nami nikajibu, "Bukra, Baba." Kesho. Nilimdanganya kesho zaidi ya mia mbili.

Sasa nikutajie Proscovia. Alikuwa msaidizi wa Umm Jasim, mwanamke wa umri wangu kutoka Mbale, ng'ambo tu ya mpaka kutoka kwetu. Kigisu chake na Kibukusu chetu ni pacha, kwa hiyo jikoni tulisemezana lugha ambayo nyumba nzima haikuielewa. Aliniita ndugu yangu. Nilipougua matumbo mwaka jana ndiye aliyenipikia uji siku nne. Alimwogesha Umm Jasim, alimlisha Mzee, na alikuwa na subira ambayo mimi sijapewa.

Ijumaa ile ya tarehe kumi na tano niliwasha gari saa mbili asubuhi kama kawaida. Mzee alikuwa mchangamfu. Kabla hatujamaliza, Omondi, rafiki yangu wa kanisani, akapiga honi nje. Tulikuwa tumechelewa, na siku hiyo ilikuwa zamu yangu kusoma Neno. Nilizima injini, nikamshusha Mzee, nikamkabidhi kwa Proscovia mlangoni, nikakimbia. Boneti sikuifungua. Nilikumbuka tukiwa tumefika mzunguko wa kwanza wa barabara. Nilikumbuka, Dada. Ningemwambia Omondi arudi, tungechelewa dakika kumi. Nikajiambia ni saa mbili tatu tu, Mzee huwa analala baada ya uji.

Yaliyofuata tuliyajua baadaye. Wanaume wa nyumba walikwenda kuswali Ijumaa. Mchukuzi wa maji ya kunywa alikuja, Proscovia akamfungulia geti kubwa, akapokea chupa, na kabla hajalifunga Umm Jasim akamwita kutoka bafuni, alikuwa karibu kuteleza. Akakimbilia huko. Geti likabaki wazi. Alipotoka bafuni, Mzee hakuwepo na kibanda kilikuwa kitupu.

Simu yangu nilikuwa nimeizima kwa ajili ya ibada. Nilipoiwasha ilikuwa na simu kumi na saba za Jasim.

Tulimtafuta kila mahali. Jasim alikwenda upande wa Najma, alikowahi kuwa na duka. Mimi ndiye niliyesema Al Wakrah, nikaendesha huko, lakini aliyempata si mimi. Ni mfagiaji mmoja wa barabara, saa tisa alasiri, kwenye uwanja wa kuegesha magari karibu na bandari. Zamani palikuwa na nyumba za watu pale, na mojawapo ilikuwa ya wakwe zake.

Gari lilikuwa limeegeshwa sawasawa, katikati ya mistari. Injini imezimwa. Vioo vyote vimepandishwa. Mzee alikuwa ameketi wima kwenye usukani, amevaa lile joho jeusi la harusi, kilemba kichwani, na sehemu yote ya kiti iliyobaki ameipangusa isiwe na vumbi. Alimngoja bibi harusi atoke. Mwezi wa nane hapa, ndani ya gari lililofungwa, mtu hangoji muda mrefu.

Nilifika wakati wanamtoa. Sitakueleza zaidi ya hapo.

Alizikwa kesho yake asubuhi. Polisi walikuwa wamekuja, wakauliza, wakaandika kuwa ni ajali. Baada ya mazishi, wageni walipopungua, Jasim alituita sisi wafanyakazi uani. Alikuwa hajalala. Aliuliza kwa upole, hata sauti hakuipandisha, "Nataka kujua baba yangu alitokaje."

Proscovia alipiga magoti kabla hajamaliza. "Ni mimi, Baba. Niliacha geti wazi. Mama aliniita nikakimbia, nikasahau geti. Ni mimi."

Jasim akanigeukia. "Na waya?"

Nikasema, "Niliufungua. Kama siku zote."

Yalinitoka hivyo tu, mepesi, kama mtu anayejibu salamu. Proscovia alikuwa bado chini, pembeni yangu. Jasim alinitazama kwa muda, kisha akatazama sakafu, akasema twende tukafanye kazi.

Siku mbili baadaye tulisikia kwamba Proscovia atarudishwa kwao. Umm Jasim hakutaka tena mikono yake imguse. Mashemeji wa Umm Jasim walipokuja kuhani walionyeshana yule mwanamke kwa macho. Yeye aliendelea kupiga deki na kuosha vikombe. Mimi nilimwona kila asubuhi jikoni, na kila asubuhi nilisema moyoni, leo. Bukra, Japheth.

Tarehe ishirini na saba, saa nane mchana, niliambiwa nimpeleke uwanja wa ndege. Mimi, dereva. Kutoka hapa ni karibu mno, hata kipoza hewa hakikuwahi kulipoza gari. Alikuwa na sanduku moja na mfuko wa plastiki wa viatu vya watoto wake. Tulipokaribia mahali pa kushukia, alisema kwa lugha yetu, "Ndugu yangu, uniombee. Nimeua mtu."

Dada Edith, nilikuwa nimeshika usukani kwa mikono yote miwili. Nilikuwa na dakika nzima. Nikamjibu, "Mungu anajua." Nikamshushia sanduku. Akanishukuru.

Nilikaa siku tatu nikiwa hivyo. Siku ya nne, Jumamosi, nilimfuata Jasim ofisini kwake mle nyumbani nikamwambia yote, honi ya Omondi, boneti, mzunguko wa barabara nilipokumbuka. Nilidhani atanipiga. Nilitamani anipige.

Alisema, "Najua."

Nilidhani sikusikia vizuri.

"Baba hakuweza kufunga vifungo vya kanzu yake, Yafet. Angewezaje kukaza nati? Na spana ilikuwa ndani ya kisanduku chako, kufuli juu yake. Nilijua ulipofungua mdomo. Nilingoja uyarekebishe maneno yako mbele ya yule mwanamke."

Nikamwuliza kwa nini basi alimfukuza Proscovia peke yake.

"Mama yangu alihitaji mtu mmoja wa kumkasirikia," akasema. "Na anahitaji dereva. Wewe ndiye unayejua kumshika akitoka kwenye mashine ya figo, unajua nesi gani haumizi mkono wake. Akijua ni wewe, hataingia tena katika gari lako, na hakubali mwingine. Atakufa. Kwa hiyo hutamwambia. Utanyamaza, kama ulivyochagua mwenyewe kunyamaza."

Hiyo ndiyo adhabu niliyopewa, na sijui kama yeye anajua ilivyo kubwa. Mara tatu kwa wiki nampeleka Umm Jasim hospitali. Tukirudi amechoka, uso umepauka, hunigusa bega kutoka kiti cha nyuma akaniombea Mungu. Wiki iliyopita aliniambia, "Watu wote walimwogopa mume wangu alivyogeuka mtoto. Wewe peke yako ulicheza naye." Nilisimamisha gari nikajifanya natazama tairi.

Nilimpigia Proscovia. Ilinichukua wiki moja tena kupata ujasiri. Yuko kwa wakwe zake nje ya Mbale. Habari zilimtangulia, maana kuna mtu wa huko anayefanya kazi hapa Doha. Mumewe hamsemeshi. Watoto shuleni wanaambiwa mama yenu alimwua mzee wa watu kule Uarabuni. Shangazi wa mumewe amekataa kupokea chakula alichopika.

Nilimweleza. Nilisema kila kitu kama nilivyokiandika hapa. Upande wa pili kuku walikuwa wanasikika.

Kisha akaniuliza, "Ulijua siku ile ukinipeleka uwanja wa ndege?"

"Ndiyo."

"Nilikuomba uniombee."

"Ndiyo."

Akasema, "Mimi geti ni langu, Japheth. Hilo sitalikana. Lakini nilibeba mzigo wa watu wawili, na mwenzangu alikuwa amekaa mbele anaendesha." Nikaanza kusema nisamehe, akanikatiza. "Kwenye simu hata mwizi anatubu. Ukitaka, njoo useme hapa, mbele ya mume wangu na wazee wake na huyo shangazi. Kama huji, usinipigie tena."

Nimemwambia Jasim naondoka. Alinikumbusha mama yake, nikamwambia sijamsahau. Tulibishana siku mbili, kisha akachoka, akatia saini karatasi zangu bila kunitazama. Amepata dereva wa Kinepali. Nimemfundisha njia, nimemwonyesha namna ya kumshika bibi chini ya kwapa bila kugusa mkono wenye mirija. Jumatano alimpeleka kwa mara ya kwanza. Umm Jasim alilia njia nzima na mashine waliizima kabla ya wakati kwa sababu alikuwa akitetemeka. Jana alitakiwa kurudi kumalizia, akakataa kabisa. Leo pia. Mashemasi wa kanisani wanasema nimefanya vyema kuungama, lakini wao hawaketi nje ya mlango wa chumba chake.

Naruka tarehe pili mwezi wa kumi. Nitashukia Entebbe, si Nairobi, na nitakwenda moja kwa moja Mbale. Sitapitia nyumbani kwanza. Mama anadhani nakuja likizo, ameshachagua jogoo. Tafadhali usimwambie, nataka alisikie kutoka kinywani mwangu, baada ya wale wa Mbale kulisikia. Mdogo wetu Nafula pekee ndiye anayejua siku, na hata yeye hajui sababu.

Sijui watanipokeaje. Huenda wakanisikiliza na bado shangazi asile chakula cha Proscovia, maana geti lilikuwa wazi kweli. Huenda mumewe akanifukuza kwa fimbo. Huenda nikaharibu zaidi. Sina tumaini kubwa, Dada, nisikudanganye. Mzee hatarudi, na Umm Jasim huenda akamfuata kwa sababu ya hizi safari zangu za kutafuta usafi wa moyo. Popote ninapokanyaga pana mtu chini ya mguu.

Leo asubuhi nilikwenda kumuaga Umm Jasim, ingawa bado kuna siku kadhaa, kwa kuwa nilihofia kukosa ujasiri. Alikuwa kitandani. Hakunilaumu. Alimwagiza binti yake alete kifurushi, kitambaa cha hariri kwa ajili ya Mama yetu, kimefungwa kwa karatasi. Akasema, "Mpe mama yako. Mwambie alizaa mwana mwaminifu."

Nikakipokea kwa mikono miwili. Kiko hapa kitandani nikiandika. Siwezi kumpa Mama, na siwezi kukirudisha.

Nisalimie sana shemeji Mike, na Cheryl, na Tevin ambaye naambiwa sasa ananipita urefu. Ukizungumza na mjomba Augustine mwambie nimepokea salamu zake. Ukiweza, piga goti hilo lililopona uwataje kwa Mungu watu wawili, Umm Jasim na Proscovia, na kama utakuwa na pumzi zaidi, unitaje na mimi mwishoni.

Mungu aufunike mlango wako, awalaze salama na kuwaamsha salama, na asikuache hata siku moja unyamaze mahali unapopaswa kusema.

Ni mimi mdogo wako, ninayekupenda ingawa siku hizi nashindwa kujipenda,

Japheth